Kabla hujamfunzia mtoto nyumbani Januari, piga hesabu hii kwanza

Desemba ikifika hapa Kapsoya, unaweza kumjua mwenye mtoto wa shule kwa kuangalia tu amebeba nini akishuka matatu. Sweta mpya, viatu vyeusi, madaftari dazeni mbili, na kwa wenye watoto wa bweni, lile sanduku la bati linalogonga kila abiria magoti. Lakini kuna wazazi wengine, si wengi, ambao hushuka na rimu ya karatasi, manila za rangi na chupa ya gundi. Hao wanapanga kumfunzia mtoto nyumbani mwaka ujao. Hawasemi kwa sauti, na wana sababu. Nitaifikia.

Usidhani ni watu wa umri wa wazazi wetu. Wengi niliokaa nao mezani tangu Novemba ni wa miaka 26, 28, 30. Kuna wanariadha wawili, mke na mume, ambao mwaka mzima mmoja yuko kambini na mwingine yuko safarini. Kuna mama anayefanya kazi za mtandaoni usiku na kulala asubuhi. Kuna familia za kanisani ambazo zina msimamo wao kuhusu nani anafaa kumlea mtoto. Na kuna dadangu. Hata wanaowasaidia ni rika letu: aliyemaliza ualimu na bado anangoja TSC imkumbuke, aliyeacha chuo, aliye na laputopu na bando. Mimi nilisomea ualimu hadi mwaka wa tatu kabla karo haijanishinda, kwa hivyo maazimio ya kazi na andalio la somo nayajua. Mwalimu si mimi. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya 2012 haimruhusu asiyesajiliwa kufanya kazi ya ualimu, na mimi nambari sina. Kazi yangu ni kupakua, kuchapisha, kupanga, na kuuliza maswali yanayoudhi.

Swali linaloudhi kuliko yote ni hili: huyu mtoto atafanya mtihani gani, na nani atamsajili?

Karibu kila mzazi huanzia kwenye ratiba. Saa mbili Hisabati, saa tatu Kiingereza, saa nne chai. Inachorwa kwa kalamu nne za rangi, inabandikwa kwenye friji, inapigwa picha, inawekwa kwa status. Kufikia katikati ya Februari imefunikwa na risiti za tokeni za stima. Mimi naona ratiba ni kitu cha mwisho kabisa kupangwa. Kwanza ujue mtoto atatokea mlango gani, halafu urudi nyuma hatua kwa hatua hadi Januari.

Dadangu alinipigia simu shule zilipofungwa. Binti yake ana miaka kumi na anaingia Gredi ya 5. Ana selimundu. Sasa, Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na aliyewahi kungoja matatu hapa saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwezi wa saba anajua hiyo inamaanisha nini. Baridi ni mojawapo ya mambo yanayoamsha maumivu kwa mwenye selimundu, pamoja na kukosa maji ya kutosha mwilini na maambukizi. Dadangu ana daftari dogo anakoandika kila siku ambayo mtoto amekosa shule. Mwaka huu zilikuwa siku 61. Hiyo ni karibu muhula mzima. Kila akirudi darasani anakuta wenzake wamevuka mada mbili, na mwalimu mwenye watoto zaidi ya 50 hana nafasi ya kumrudia mmoja. Desimali zilimpita. Kuandika insha kulimpita. Alichoona dadangu ni kwamba heri amtoe kabisa, amfunze mwenyewe, mtoto asome siku anazojisikia vizuri na alale siku anazoumwa.

Ukimsikiliza utakubaliana naye. Mimi nilikubaliana naye kwa kama dakika kumi hivi, halafu nikafungua laputopu.

Sababu ya watu kunyamaza ni hii. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 30, inamtaka kila mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Shule, si masomo tu. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mwaka wa 2019 wazazi wawili walienda Mahakama Kuu kupinga vifungu hivyo, mmoja wao akiwa tayari amekamatwa huko Kakamega kwa kuwafunzia watoto wake nyumbani. Hoja yao ilikuwa kwamba katiba inampa mtoto haki ya elimu na haisemi elimu hiyo lazima iwe ndani ya jengo lenye kengele. Mwaka wa 2021 mahakama ilikataa ombi lao. Vifungu vikabaki vilivyo.

Nchi zinatofautiana sana kwa hili. Marekani jambo hili linaruhusiwa katika majimbo yote 50. Afrika Kusini unaruhusiwa ukijisajili. Ujerumani wamekataa kabisa. Sisi tuko upande wa Ujerumani kwenye karatasi, ingawa mitaani maisha yanaendelea kimyakimya, hadi siku mzee wa nyumba kumi atakapomwona mtoto wako dukani saa nne asubuhi Jumanne na kuuliza kwa upole mbona hayuko shule. Nimeona watu wakiandika kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba hii ni haki yao ya kikatiba na hakuna anayeweza kuwafanya lolote. Wasiwadanganye. Swali hilo liliulizwa mahakamani na likajibiwa.

Lakini tuseme chifu hana habari na wewe. Bado kuna KNEC.

Hapa ndipo nilimchorea dadangu hesabu nyuma ya bahasha. Matokeo ya KPSEA, ule mtihani wa Gredi ya 6, hayatoki kwenye mtihani pekee. Mtihani wenyewe ni asilimia 40. Asilimia 60 inatoka kwenye tathmini za shuleni: 20 za Gredi ya 4, 20 za Gredi ya 5, 20 za Gredi ya 6. Tathmini hizo shule ndiyo inayozipakua kwenye tovuti ya KNEC, ikawapa watoto, ikasahihisha na kupakia alama kwa nambari ya mtoto. Mzazi hana mahali pa kuingilia. Halafu hadithi haiishii Gredi ya 6, kwa sababu KPSEA inabeba asilimia 20 ya KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9 uliofanywa kwa mara ya kwanza 2025, na tathmini za Gredi ya 7 na 8 zinabeba asilimia 20 nyingine. Kwa hivyo ukimtoa mtoto kwenye rejista Gredi ya 5, unatoboa tundu dogo leo ambalo litavuja hadi Gredi ya 9.

Hii si nadharia. Kuna familia ninayoijua, si mbali na hapa, ambayo ilimtoa kijana wao Gredi ya 4. Walimfunza vizuri, nasema kweli, vizuri sana. Yule kijana anasoma magazeti kama mzee wa miaka 60 na anakokotoa riba kichwani. Alipofika umri wa Gredi ya 6 wakaanza kuzunguka shuleni wakitafuta ya kumpokea afanye KPSEA. Walimu wakuu walikuwa wapole. Waliwapa viti, wakawapa chai, wakawaambia kwamba bila alama za Gredi ya 4 na ya 5 asilimia 40 ya matokeo yake ni hewa, na hawako tayari kuelezea hilo kwa mtu yeyote. Akarudishwa Gredi ya 5. Ana miaka 13, anakaa nyuma, miguu haitoshi chini ya dawati. Wazazi wake walikuwa na ratiba nzuri kuliko zote nilizowahi kuona.

Dadangu alinyamaza kidogo. Halafu akauliza kama basi hakuna njia.

Njia tuliyoona ni ya katikati. Mtoto abaki kwenye rejista ya shule ya hapa mtaani anakosoma sasa. Asome sana nyumbani, aende shuleni siku nzuri, na asikose siku za tathmini hata kidogo. Dadangu alienda kuzungumza na mwalimu mkuu kabla shule hazijatawanyika vizuri, akabeba daftari lake la siku 61 na kadi ya kliniki. Mwalimu mkuu alikubali, kwa masharti: barua kutoka hospitalini kila muhula, mtoto aonekane, na kazi anazofanya nyumbani ziletwe kwenye faili ili mwalimu wa darasa azipitie. Akasema kukosa shule kwa ugonjwa na kuacha shule ni mambo mawili tofauti, na karatasi ndiyo inayoyatofautisha. Si kila mwalimu mkuu atakubali. Nenda uulize kabla hujanunua manila.

Kuna wanaochukua mlango tofauti kabisa. Familia za kanisani niliotaja hutumia ACE, mtaala wa Kikristo ulioanzishwa Texas mwaka 1970, ambapo mtoto anapewa vijitabu 12 kwa kila somo kwa mwaka na havuki kijitabu hadi apate angalau asilimia 80. Nimependa huo utaratibu wa kutovuka bila kuelewa. Sikupenda sayansi yake, na hilo ni suala langu. Wengine wanalenga IGCSE, ambayo mtoto anaweza kuifanya kama mtahiniwa wa kibinafsi kupitia vituo vilivyoidhinishwa, British Council ikiwemo. Huo ni mlango halali wa mtihani, lakini unalipa kwa kila somo, usajili unafungwa miezi kadhaa kabla ya mtihani, na mbele kuna kazi ya kulinganisha vyeti, kwa sababu KUCCPS kazi yake ni kuwapanga waliofanya mtihani wa Kenya. Kama huo ndio mlango wako, amua mapema. Kuchanganya mitaala miwili ukitumaini utaona mbele ya safari ni kumpotezea mtoto miaka. Na mtihani kuwa halali hakubadilishi kile kifungu cha 30.

Haya, mlango tumeujua. Sasa ndio tupange.

Kitu cha kwanza hakina gharama. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, imeweka miundo ya mtaala ya kila somo na kila gredi kwenye tovuti yake, unapakua bure. Nashangaa ni wazazi wangapi hawajawahi kuifungua, wanaenda tu na kitabu cha kiada kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho kama riwaya. Kitabu ni tafsiri ya mchapishaji mmoja. Muundo wa mtaala ndio unaosema mtoto anatakiwa aweze nini. Ndani utapata mada, mada ndogo, matokeo yanayotarajiwa, maswali dadisi, na jedwali la kutathmini lenye ngazi nne, kuanzia kuzidisha matarajio hadi mbali na matarajio. Usichapishe yote. Saiba inakutoza shilingi 10 kwa ukurasa na miundo minane ni mzigo. Tulichapisha kurasa za muhtasari wa mada na majedwali ya tathmini tu. Zilizobaki ziko kwenye simu.

Hakikisha pia una toleo jipya. Masomo yalipunguzwa 2024 baada ya ripoti ya jopo la Profesa Raphael Munavu, na sasa Gredi ya 4 hadi 6 ni masomo manane. Kuna watu bado wanauziwa vitabu vya masomo ambayo yameunganishwa na mengine. Ukinunua vya mtumba, na mimi nakushauri ununue vya mtumba, angalia jalada vizuri. Na ukifika Maarifa ya Jamii beba kalamu, maana vitabu vingi vilichapishwa kabla ya tarehe 15 Agosti 2024, siku ambayo Eldoret ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji la tano nchini. Mpwa wangu amesharekebisha chake kwa wino mwekundu, tena kwa maringo ya mtu wa Sixty-Four.

Halafu muda. Shuleni Gredi ya 5 ina vipindi 35 kwa wiki, kila kimoja dakika 35. Hiyo ni saa 20 na dakika 25. Mzazi akiona hivyo anashtuka, anafikiri lazima akae na mtoto kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Hapana. Ndani ya zile saa 20 kuna kuita majina, kungoja wenzako 50 wamalize kuandika, kutafuta chaki, na kunyamazisha wa nyuma. Ukiwa na mtoto mmoja mezani kazi inaenda haraka kuliko unavyodhani, na inamchosha haraka vilevile. Tulikubaliana saa tatu kwa siku, siku nne kwa wiki. Siku ya tano haina kitu. Kama wiki ilikuwa na kliniki au maumivu, siku ya tano inaziba. Kama ilikuwa nzuri, anaenda shuleni kucheza na kusoma na wenzake.

Kalenda ya 2026 ina wiki 13 muhula wa kwanza, 14 wa pili na 9 wa tatu. Jumla 36. Nilimwambia dadangu apange wiki 27 tu. Zile tisa aziache nyeupe kabisa kwenye karatasi. Alibisha. Alitaka kujaza, kwa sababu mtoto amebaki nyuma na mtu aliyebaki nyuma si anakimbia? Nikafungua lile daftari lake la siku 61 tukahesabu pamoja zilikuwa miezi gani. Tisa zilikuwa Januari hadi Machi. Zaidi ya nusu zilikuwa Juni, Julai na Agosti.

Hapo ndipo mpango wote uligeuka, na kwangu hii ndiyo sehemu niliyoifurahia zaidi. Mpango wa masomo wa mpwa wangu sasa unafuata hali ya anga ya Uasin Gishu. Januari hadi Machi ni kukavu, jua lipo, na ndiyo miezi yake mizuri. Kwa hivyo mambo magumu yote yamewekwa huko: sehemu na desimali, zile zilizompita, na insha. Mvua ikianza kushika Machi na Aprili, wakulima wakiweka mahindi ardhini, yeye anapanda sukuma na spinachi kwenye magunia nyuma ya nyumba. Kilimo hicho, na kitaenda kwenye faili la mwalimu na picha zake. Julai na Agosti tumeweka vitu vya kufanya ukiwa chini ya blanketi: kusikiliza hadithi, kusoma kwa sauti, Kusikiliza na Kuzungumza kwa Kiswahili na Kiingereza, kuchora.

Na vipimo. Daktari humwambia kila mara anywe maji mengi, na kila mara ni vita. Sasa ana chati. Kila kikombe anakipima kwa mililita, anaandika, jioni anajumlisha na kubadilisha kuwa lita, Ijumaa anachora grafu ya wiki. Hiyo ni mada ya Vipimo na mada ya data kwa mpigo mmoja, na vita vya maji vimepungua. Tulianza wiki mbili zilizopita kwa majaribio. Juzi alimwambia mamake kwamba yeye mama hanywi hata nusu ya maji anayokunywa yeye, na akamwonyesha grafu.

Hilo shule haiwezi kulifanya, na hailaumiwi. Haiwezi kuhamisha desimali za watoto 50 kwa sababu mmoja wao anaumwa Julai.

Kuna watu watasema haya ni mambo ya wenye pesa. Nimeona bajeti, nitakuambia. Dadangu anauza nguo za mitumba, si tajiri. Vitabu vinane alipata vitano kutoka kwa jirani ambaye mwanawe amevuka, bure, na vitatu alinunua vya mtumba mjini. Kuchapisha, manila, gundi na faili la mikono miwili haikufika shilingi 2,000. Bando la kupakulia lilikuwa langu. Gharama kubwa ni muda wake. Saa tatu kila siku ni saa tatu ambazo hayuko kwenye kibanda, na saa za asubuhi ndizo za wateja. Alichofanya ni kuhamishia masomo saa nane mchana, biashara inapolala na jua limepasha nyumba. Kama huwezi kupata hizo saa tatu, au mtu wa kuaminika wa kuzikaa, basi usianze. Mtoto aliyeachiwa runinga ya elimu pekee hajafunzwa. Hilo tuliliona sote kuanzia Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba, wengine Januari 2021. Redio ya KBC ilifundisha, runinga ikafundisha, lakini waliorudi wakijua kitu ni wale waliokuwa na mtu wa kuwauliza umeelewa nini.

Kuhusu marafiki sina mengi. Kapsoya saa kumi na moja jioni watoto wako nje wenyewe, hakuna anayehitaji mtaala wa hilo. Ninachoogopa ni ile miezi ya baridi, akiwa ndani wiki mbili na wenzake wanasahau kumpitia. Tumemwandikia Kazi za Sanaa za kufanya na binti wa jirani Jumamosi, hata kama mojawapo ni kisingizio tu cha kumleta.

Sasa ndio tukachora ratiba. Ilichukua dakika 20. Ina masomo manne pekee yenye saa maalumu: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili na Sayansi. Mengine manne yanaingia kwa mradi, mchana fulani kila wiki, bila dakika. Wiki ya kwanza ya Januari haina somo jipya hata moja. Ataombwa asome ukurasa wa kitabu cha Gredi ya 4 kwa sauti, aandike aya moja kuhusu Krismasi, afanye hesabu 20 za mchanganyiko. Mama ataandika pembeni penye shida, na kulingana na hayo tutahamisha vitu. Nimeandika mpango kwa penseli kwa sababu hiyo.

Faili tayari lipo. Kuna cheti cha kuzaliwa, nakala ya alama za tathmini za Gredi ya 4, nambari yake ya KNEC imeandikwa kwa herufi kubwa ndani ya jalada, na daftari la siku 61. Kinachokosekana ni barua ya hospitali ya muhula wa kwanza, ambayo kliniki imesema iko tayari wiki hii. Jumatatu tarehe 5 Januari dadangu ataipeleka shuleni kabla ya kufungua kibanda. Nimemwambia abebe nakala mbili, moja ibaki kwa mwalimu mkuu na nyingine irudi nyumbani ikiwa na muhuri.